Hatamu za Nguvu: Transiva, Amplifaya ya Nje na Safari ya Udhibiti wa Nguvu ya Kurushia

Transiva, yaani redio moja yenye uwezo wa kupokea na kurusha mawimbi, kwa kawaida hutoa wati 100 hivi katika masafa mafupi, na anayehitaji nguvu kubwa zaidi huiunganisha na amplifaya ya nje, chombo kinachozipokea wati hizo na kuzikuza hadi mamia ya wati, au hata kilowati moja na nusu, kabla hazijafika kwenye antena. Tangu vyombo hivyo viwili vilipotengana na kuwa na masanduku yake mbalimbali, wahandisi na watumiaji wamekabiliwa na swali la nani ashike hatamu: transiva inayotoa nguvu ya kuendeshea, amplifaya inayojua ukomo wake yenyewe, au mtu aliyeketi mbele ya vyote viwili. Jibu limebadilika mara kadhaa katika muda wa miaka mia moja na zaidi. Matatizo mengi yanayowasumbua watumiaji wa leo yana asili moja ya kihistoria, nayo ni kwamba utaratibu uliobuniwa kwa vyombo vya mtengenezaji mmoja ulichukuliwa na kuingizwa katika soko ambamo transiva inatoka kwa huyu na amplifaya kwa yule.

Cheche na kipimo cha mlangoni, 1901–1920

Mitambo ya kwanza ya kurushia, ukiwemo ule ambao Guglielmo Marconi aliutumia Desemba 1901 kupeleka ishara kutoka Poldhu, Uingereza, hadi Newfoundland, ilifanya kazi kwa cheche. Kondensa ilijazwa umeme wa volteji ya juu, umeme huo ukaruka katika pengo lililoachwa kati ya ncha mbili za chuma, na kila mruko ukaamsha katika antena mtikisiko uliotapakaa katika masafa mapana kisha ukafifia. Udhibiti wa nguvu kwa maana ya leo haukuwepo, kwa kuwa aliyetaka nguvu zaidi alitafuta transfoma kubwa zaidi, na aliyetaka kuipunguza alisogeza ncha za pengo au kulegeza muunganiko wa koili za mtambo na antena, bila kujua kwa hakika ni kiasi gani kilichokuwa kikitoka.

Kuzama kwa meli ya Titanic Aprili 1912 kuliharakisha utungaji wa sheria. Sheria ya Redio ya Marekani, iliyopitishwa Agosti mwaka huohuo, iliwasukuma warushaji wa ridhaa, yaani watu binafsi wanaorusha kwa leseni bila lengo la biashara, chini ya urefu wa wimbi wa mita 200, ikawawekea kikomo cha kilowati 1, na nusu ya kiasi hicho kwa waliokuwa karibu na vituo vya kijeshi. Kikomo hicho kilipimwa mahali ambapo umeme uliingia kwenye transfoma, kwa sababu hapakuwa na njia rahisi ya kuipima nguvu iliyotoka kwenye antena, na desturi ya kupima kinachoingia badala ya kinachotoka ingedumu Marekani kwa miaka 71. Sheria hiyohiyo iliagiza pia kwamba kila kituo kitumie nguvu ndogo kabisa inayotosha kufanikisha mawasiliano, isipokuwa katika ishara za meli zilizo hatarini. Agizo hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko kikomo chenyewe, kwani lilimtaka mrushaji awe na njia ya kupunguza nguvu wakati vyombo vya zama hizo havikumpa njia ya maana ya kufanya hivyo.

Valvu na mkono wa mrushaji, 1920–1945

Valvu, chupa ya kioo iliyoondolewa hewa ambamo mkondo wa umeme kutoka kathodi kwenda anodi huongozwa na volteji ndogo iliyowekwa kwenye kiwavu kiitwacho gridi, ilibuniwa na Lee de Forest mwaka 1906, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kuziondoa cheche. Kwa suala la nguvu, valvu ilileta jambo jipya kabisa: kazi ya kuzalisha wimbi iliweza kutengwa na kazi ya kulikuza, valvu ndogo ikitoa masafa yaliyotulia na valvu kubwa ikiyapokea na kuyapa nguvu. Mgawanyo huo ndio mzizi wa kila transiva yenye amplifaya ya nje. Novemba 1923, Fred Schnell na John Reinartz wa Marekani walipowasiliana pande mbili na Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, ilidhihirika kwamba masafa mafupi yaliyodharauliwa yaliweza kufika mbali kwa nguvu ya kiasi, na hamu ya kujenga mitambo ya valvu ikaenea.

Hata hivyo miongo miwili iliyofuata haikuhitaji kidhibiti cha kujiendesha, na sababu yake inafaa kueleweka vizuri, kwa kuwa ndiyo inayoeleza mageuzi ya baadaye. Katika herufi za Morse wimbi huwashwa na kuzimwa tu, na katika utangazaji wa sauti wa wakati huo, uliobadilisha kimo cha wimbi la kubebea, sauti iliongezwa kwenye hatua ya mwisho ya mtambo, mara nyingi kupitia volteji ya anodi. Valvu ya mwisho iliendeshwa katika mtindo ambao wahandisi huuita daraja C, ambamo gridi husukumwa hadi valvu ishibe, na baada ya kushiba nguvu ya ziada ya kuendeshea haibadilishi sana nguvu inayotoka, kwa kuwa inayoamua ni volteji ya anodi na jinsi antena ilivyounganishwa. Mrushaji alisoma mita ya mkondo wa anodi, akazidisha kwa volteji, akapata wati zilizoingia, kisha akasogeza kondensa ya kutuni hadi akaridhika. Mkono wake na jicho lake vilitosha, kwa sababu nguvu ilikaa mahali pamoja muda wote alipokuwa akizungumza.

Ukanda mmoja wa pembeni na tatizo jipya, 1915–1950

Mwaka 1915 John Renshaw Carson, mhandisi wa kampuni ya simu ya AT&T, alionyesha kwa hesabu kwamba wimbi la kubebea halina ujumbe wowote ndani yake. Katika utangazaji wa kawaida uliojazwa kikamilifu, wimbi hilo humeza theluthi mbili za nguvu yote, na theluthi inayobaki hugawanywa sawasawa kati ya kanda mbili za pembeni, juu na chini yake, ambazo hubeba sauti ileile mara mbili. Carson alipendekeza kulifuta wimbi la kubebea na ukanda mmoja, ukabaki ukanda mmoja wa pembeni, ambao wanaredio wa dunia nzima huuita kwa herufi SSB. AT&T iliutumia utaratibu huo katika simu ya redio kati ya New York na London iliyofunguliwa Januari 7, 1927, kwa mawimbi marefu ya kilohezi 60 hivi. Miongoni mwa warushaji wa ridhaa majaribio machache ya miaka ya 1930 yalififia, hadi mwaka 1947 kikundi cha Chuo Kikuu cha Stanford kilichoongozwa na Oswald Villard kilipoufufua na maelezo yake kuenea katika majarida.

Ufanisi huo ulikuja na deni. Katika SSB mrushaji akinyamaza hakuna nguvu inayotoka, na akipaza sauti nguvu hupanda hadi kilele kwa sehemu ndogo sana ya sekunde kisha hushuka. Kwa hiyo kila hatua inayofuata baada ya sauti kuingizwa lazima ikuze kwa unyoofu, maana yake kimo cha kinachotoka kifuate kimo cha kinachoingia kwa uwiano uleule kutoka chini hadi juu. Valvu ikisukumwa zaidi ya uwezo wake, vilele hukatwa na kuwa bapa, na ukataji huo huzaa masafa mapya yasiyokuwemo katika sauti ya awali, ambayo huangukia nje ya ukanda uliokusudiwa na kuwachafulia majirani mawasiliano yao. Katika daraja C ziada ya kuendeshea ilikuwa hasara ya mrushaji peke yake, ilhali katika SSB iligeuka kuwa madhara kwa wengine. Mita ya sindano, ambayo huchelewa kufuata sauti, haikuweza kumwonya, kwani ilionyesha wastani huku vilele vikiwa vimepita maradufu bila kuonekana.

Waya kutoka Cedar Rapids, 1955–1965

Kampuni ya Collins Radio, iliyoanzishwa na Arthur Collins huko Cedar Rapids katika jimbo la Iowa, ndiyo iliyoifanya SSB kuwa chombo cha kila siku. Mwaka 1955 ilitoa mtambo wa kurushia wa KWS-1, mwaka 1957 transiva ya KWM-1, na mwaka 1959 KWM-2, iliyotoa wati 100 hivi kwa valvu mbili za aina ya 6146. Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa likitafuta njia ya kuwasiliana na ndege za masafa marefu popote duniani, na fedha za mikataba hiyo ziliharakisha ubunifu ambao warushaji wa ridhaa peke yao wasingeweza kuugharimia.

Jibu la wahandisi kwa tatizo la vilele liliazimwa kutoka upande wa kupokea. Katikati ya miaka ya 1920 Harold Wheeler alikuwa amebuni njia ya kuifanya redio ya kupokelea irekebishe sauti yake yenyewe, kwa kuchukua sehemu ya mawimbi yaliyopokelewa, kuigeuza kuwa volteji tuli, na kuirudisha nyuma kwenye valvu za mwanzo ili zipunguze ukuzaji kila kituo chenye nguvu kilipojitokeza. Wazo hilo likageuzwa na kuelekezwa kwenye kurusha. Valvu ya mwisho ikifanya kazi katika daraja liitwalo AB1, gridi yake haipaswi kuvuta mkondo wowote, na mara tu vilele vinapozidi, mkondo mdogo huanza kupita kwenye gridi kwa mapigo yanayofuata sauti. Mapigo hayo yalikusanywa, yakageuzwa kuwa volteji hasi, nayo ikarudishwa kwenye hatua za awali za transiva ili kupunguza ukuzaji wake. Utaratibu huo uliitwa udhibiti wa kiwango wa kujiendesha, au ALC, na ulipangwa ushike upesi kilele kinapotokea na uachie polepole baada yake, ili nguvu isiyumbe katikati ya maneno.

Uzuri wa mpango wa Collins ulionekana pale kampuni ilipotoa amplifaya za nje za kuendeshwa na transiva zake, yaani 30S-1 yenye valvu moja ya 4CX1000A, na 30L-1 ndogo zaidi yenye valvu nne za 811A. Waya mmoja mwembamba ulitoka nyuma ya amplifaya kurudi kwenye transiva ukiwa na volteji hasi. Amplifaya ilipohisi kwamba inakaribia ukomo wake iliishusha volteji hiyo, na transiva ikapunguza nguvu ya kuendeshea. Kwa maneno mengine, hatamu zilishikwa na yule aliye karibu zaidi na hatari. Mhandisi aliyechora waya huo alijua ni volteji ngapi ingetoka upande mmoja na ni hatua gani ya upande wa pili ingeipokea, na aliweza kuupima muda wa mzunguko mzima akiwa na masanduku yote mawili juu ya meza ileile. Hilo ni sharti kubwa, na halikuandikwa popote kwa sababu kwa Collins halikuhitaji kuandikwa.

Jambo la pili, ambalo mara nyingi husahauliwa, ni kwamba ALC ya Collins ilikuwa kinga. Ilitarajiwa kwamba mrushaji angeipanga sauti ya maikrofoni kwa uangalifu ili sindano ya ALC itikisike kidogo tu kwenye vilele, na kwamba kazi ya waya ingekuwa kukamata kile kilichoponyoka. Hakuna aliyefikiri kuutumia kama kitasa cha kuchagua wati 600 badala ya 1,000.

Kipindi hichohicho kilileta chombo cha kuipima nguvu inayotoka. Warren Bruene, mhandisi wa Collins, alieleza Aprili 1959 katika jarida la QST muundo wa kipima nguvu kinachotofautisha nguvu inayokwenda kwenye antena na ile inayorudi kwa sababu antena haikulingana na mtambo. Kifaa hicho, kilichoonekana cha kawaida, kingegeuka baadaye kuwa jicho la udhibiti katika karibu kila transiva ya transista.

Nyumba nyingi, waya uleule, 1964–1983

Kampuni ya Heath ya Benton Harbor, Michigan, iliyouza vifaa vya kujiundia nyumbani chini ya jina la Heathkit, ilileta SB-200 mwaka 1964 na miaka michache baadaye SB-220 yenye valvu mbili za 3-500Z, na kwa bei yake amplifaya ya kilowati ikafika mikononi mwa watu wa kipato cha kawaida. Wakati huohuo Japani ilianza kuuza transiva nje, Yaesu ikiwa na FT-101 na Kenwood ikiwa na TS-520, ambazo zilichanganya transista za hatua za mwanzo na valvu za hatua ya mwisho. Ndipo ilipokuwa jambo la kawaida transiva ya Tokyo kuendesha amplifaya ya Michigan.

Kila mtengenezaji aliweka tundu lililoandikwa ALC nyuma ya chombo chake, lakini hakuna kanuni ya pamoja iliyosema tundu hilo litoe au lipokee nini. Transiva moja ilianza kupunguza nguvu volteji ilipofika hasi 1, nyingine ilisubiri hadi hasi 6 au 7, na hata leo transiva za Icom hutaja kiwango cha kati ya 0 na hasi 4. Amplifaya nyingi za bei nafuu hazikuchukua sampuli ya mkondo wa gridi wala ya nguvu inayotoka, bali ya mawimbi yanayoingia, kwa hiyo waya wake ulitangaza tu kwamba transiva inasukuma sana, jambo ambalo transiva yenyewe ingeweza kulijua, na haukusema lolote kuhusu valvu zilizotuniwa vibaya. Watumiaji walizungusha skrubu ya kurekebishia nyuma ya amplifaya kwa kubahatisha, na wengi, baada ya kuona nguvu ikipanda na kushuka ovyo, waliuchomoa waya wakauacha. Kwa kuangalia nyuma ni vigumu kuwalaumu.

Waya wa pili ulileta hasara za haraka zaidi. Ili amplifaya ihamie kwenye kurusha, transiva huifungia rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Katika SB-220 waya huo ulikuwa na volteji kama 120, ambazo transiva ya valvu yenye rilei nzito ilizimudu, lakini swichi ndogo za transiva za baadaye ziliungua. Aidha rilei kubwa za zamani huchelewa kufunga, na transiva inayoanza kurusha kabla hazijafunga husukuma nguvu kwenye waya ambao ncha yake ya pili bado haijaunganishwa na kitu, cheche zikaruka kwenye ncha za rilei, na kipima nguvu cha ndani kikaona nguvu yote ikirudi. Watengenezaji walichukua muda mrefu kuweka kipengele cha kuchelewesha mawimbi kwa sehemu ndogo ya sekunde hadi rilei zitulie.

Serikali nayo iliingilia kwa sababu nyingine kabisa. Huduma ya redio ya wananchi ya megahezi 27, iliyoruhusiwa wati 4 tu, ilivuma Marekani baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, madereva wa malori wakiitumia kupashana habari, na biashara ya amplifaya haramu ikastawi pamoja nayo. Mwaka 1978 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipiga marufuku utengenezaji wa amplifaya zinazoweza kukuza kati ya megahezi 24 na 35, ikataka pia kwamba amplifaya za ridhaa zisiweze kufikia nguvu kamili kwa chini ya wati 50 za kuendeshea, sharti ambalo baadaye lilibadilishwa kikawekwa kikomo cha ukuzaji cha desibeli 15, sawa na mara 32 hivi. Heath ililazimika kutoa SB-221 isiyokuwa na bendi ya mita 10, iliyomo ndani ya masafa hayo. Matokeo ya muda mrefu ni kwamba uwiano wa wati 100 kuingia na kilowati moja kutoka, ambao awali ulitokana na tabia ya valvu, ukawa umeungwa mkono na sheria.

Mwaka 1983 FCC iliachana hatimaye na kipimo cha mlangoni. Hadi hapo kikomo kilikuwa kilowati 1 ya umeme unaoingia kwenye hatua ya mwisho, na kwa kuwa mita ya kisheria iliruhusiwa kuchelewa hadi robo ya sekunde, amplifaya za SSB ziliuzwa kama za kilowati 2 katika vilele. Kikomo kipya kilikuwa wati 1,500 za kilele zinazotoka, na waliotumia utangazaji wa zamani wa sauti walipewa hadi 1990 kujirekebisha. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa sababu ulimlazimisha mrushaji kujali kile ambacho jirani yake hukisikia.

Transista na mshtuko wa mwanzo, 1978–2005

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 transiva nyingi mpya zilikuwa za transista tupu, zikitumia volteji 13.8 ya betri ya gari na kutoa wati 100 bila kutuniwa kwa mkono. Transista hazina gridi inayovuta mkondo kwa namna iliyotumiwa na Collins, na huharibika upesi nguvu inaporudi kutoka kwenye antena, kwa hiyo wabunifu walihamishia jicho la ALC kwenye kipima nguvu cha mwisho. Volteji yake ililinganishwa na kikomo, na nguvu iliyorudi ikizidi, kikomo kilishushwa chenyewe. Kisha ikafuata hatua iliyoonekana ya kawaida lakini iliyogeuza maana ya chombo kizima: kitasa cha nguvu kilichowekwa usoni mwa redio kiliunganishwa na kikomo hichohicho. Mtumiaji aliyekishusha hadi wati 30 hakupunguza ukuzaji wa hatua za ndani, ila aliiamuru ALC ianze kukaba mapema. Kinga ikawa usukani.

Hapo ndipo ulipozaliwa mshtuko wa mwanzo. Transiva ikiwa imenyamaza, volteji ya ALC ni sifuri na hatua zote ziko wazi kwa ukuzaji kamili. Herufi ya kwanza ya Morse au silabi ya kwanza inapoingia, mawimbi hupita hadi kwenye antena kabla kipima nguvu hakijaona, kondensa ya kuchuja haijajaa, na amri ya kupunguza haijafika kwenye hatua za mwanzo, ambazo mara nyingi ziko nyuma ya kichujio cha kristali kinachoyachelewesha mawimbi. Kwa muda wa milisekunde chache, redio iliyopangwa wati 30 huweza kutoa 100 au zaidi. Kipima nguvu cha sindano hakikuonyesha chochote, na watumiaji wengi hawakuamini hadi walipotazama kwa osiloskopu, chombo kinachochora umbo la wimbi kwenye kioo.

Kwa valvu ngumu kama 3-500Z mshtuko huo ulivumilika. Lakini wakati huohuo valvu ndogo za kauri zilikuwa zikipendwa kwa sababu ya ukuzaji wake mkubwa, na udhaifu wake uko kwenye gridi. Gridi ya 8877 huvumilia joto la wati 25, na ya 3CX800A7 wati 4 tu, ilhali valvu hizo hukuza mamia ya wati. Mtumiaji aliyesoma kwenye kijitabu kwamba amplifaya yake huhitaji wati 50 alikipanga kitasa sawasawa, akafuata maelekezo yote, na bado valvu ya gharama kubwa ikachakaa kwa mapigo asiyoyaona.

Watengenezaji wa amplifaya, wakiwa hawawezi kubadilisha transiva za watu wengine, walijilinda wenyewe. Waliweka sakiti zinazopima mkondo wa gridi na kuiondoa amplifaya kazini ndani ya milisekunde chache, na wengine wakaweka mlangoni kipunguza nguvu cha vipinga vinavyomeza sehemu ya nguvu inayoingia. Hatamu zilikuwa zimekatika: transiva iliamua bila kuijua amplifaya, na amplifaya ilichoweza ni kukataa. Waya wa ALC, uliokusudiwa kuziba pengo hilo, mara nyingi uliliongeza, kwa sababu uliweka mzunguko wa pili wenye ucheleweshaji wake juu ya mzunguko wa ndani, na miwili ikivutana nguvu huyumba kwa mdundo unaosikika upande wa pili. Ndiyo maana wahandisi wengi wa miaka hiyo walishauri nguvu ipangwe kwenye transiva, waya ubaki kinga ya mwisho tu, na sauti ya maikrofoni ishushwe hadi ALC iguswe kwa nadra.

Namba mahali pa volteji, 2007 hadi sasa

Mnamo 2010 hivi zilitokea transista za LDMOS za volteji 50, ambazo moja yake peke yake hutoa zaidi ya kilowati 1 na hukuza kwa zaidi ya desibeli 20. Wati chache tu zinatosha kuiendesha, na ziada kubwa huweza kutoboa tabaka lake jembamba la ndani kwa kufumba na kufumbua. Katika soko la Marekani, ambako kikomo cha desibeli 15 kiliendelea kutumika, sehemu ya wati 100 za transiva ilibidi igeuzwe kuwa joto kwenye vipinga vya mlangoni. Kwa bahati njema kipingamizi hicho cha sheria kilileta pia faida, kwa kuwa mshtuko wa transiva hupunguzwa na vipinga hivyo kabla haujaifikia transista.

Mabadiliko ya kina zaidi yalitoka kwenye kompyuta zilizoingizwa ndani ya redio. Transiva ya K3 ya kampuni ya Elecraft, ya mwaka 2007, na amplifaya yake KPA500 iliyofuata mwaka 2011, huunganishwa kwa kebo inayopitisha data, na transiva hukumbuka kwa kila bendi ni wati ngapi zinazohitajika, ikazipanga yenyewe amplifaya inapowashwa. Nguvu huamuliwa kabla ya wimbi la kwanza kutoka. Redio zinazotengeneza mawimbi kwa programu zilikwenda mbali zaidi, kwa kuwa sauti iliyogeuzwa kuwa namba inaweza kucheleweshwa kidogo, kompyuta ikakiona kilele kabla hakijafika na kukipunguza bila mshtuko. Waya wa zamani ungali nyuma ya transiva nyingi za leo, ukiwa na volteji zake zisizokubaliana.

Mawasiliano ya kidijitali nayo yaligusa suala hili kwa namna yake. FT8, iliyotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke, hurusha kwa karibu sekunde 13 mfululizo katika kila kipindi cha sekunde 15, kwa kimo kisichobadilika, hivyo amplifaya inayostarehe wakati wa mazungumzo huchemka, na mtumiaji hulazimika kushusha nguvu yake. Anayeisukuma sauti ya kompyuta hadi ALC ikabe huzalisha ndani ya transiva sauti za ziada ambazo amplifaya huzikuza kwa uaminifu, na ndiyo sababu kiwango cha sauti hupangwa chini hadi ALC isiwe na kazi.

Katikati ya miaka ya 2010 Warren Pratt aliandika programu iitwayo PureSignal kwa redio za aina ya ANAN, nayo ilirudisha, kwa umbo jipya, wazo la kuisikiliza amplifaya. Sampuli ndogo ya mawimbi yaliyotoka kwenye amplifaya ya nje hupelekwa kwenye kompyuta, ambayo huyalinganisha na yale yaliyokusudiwa, huhesabu jinsi amplifaya inavyoyapinda, kisha huyapinda kinyume yanayofuata kabla hayajaondoka, ili mapindo mawili yafutane. Transiva ya kawaida ya volteji 13.8 huacha uchafu wa desibeli 30 hivi chini ya kilele, na kwa njia hii uchafu huo hushuka hadi 50 au zaidi, ikiwemo amplifaya yenyewe. Kile kinachorudi kwenye waya sasa ni picha kamili ya kosa, tofauti na volteji moja ya Collins iliyosema tu kwamba nguvu imezidi. Lakini hesabu haiwezi kuipa amplifaya nguvu isiyokuwa nayo. Iliyokwisha kushiba haiongezi chochote hata ikisukumwa, na programu inayojaribu kunyoosha kilele kilichokatwa huomba nguvu zaidi na zaidi kutoka kwa transista isiyoweza kuitoa, kwa hiyo anayeitumia huanza kwa kutafuta kiwango ambacho amplifaya yake hushiba, akakipanga kitasa cha transiva chini yake, na kuacha nafasi ya kutosha juu ya kilele cha sauti yake.